Yosefu au Antoni? Tumesahau Kusoma Sanamu

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini, juma hili naanzia msibani.

Nilikwenda kuhani Mtoni kwa Aziz Ali, wilayani Temeke. Aliyefariki alikuwa bibi mwenye asili ya Tabora, Mnyamwezi na Mkatoliki wa siku nyingi, aliyeishi mtaani hapo tangu barabara ilipokuwa ya vumbi. Kabla ya kukata roho aliacha neno moja dogo. Alisema kuwa katika sanamu zake mbili zilizokuwa juu ya kabati, Yosefu apewe mjukuu wake, kwa sababu ndiye somo wake. Ile nyingine irudishwe kwenye jumuiya.

Siku ya tatu wanafamilia walipotaka kutekeleza wosia huo, akatokea mtani. Alikuwa mzee wa Kizaramo, Mwislamu, jirani wa miaka mingi. Kama ujuavyo, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani ana mamlaka kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Akazichukua sanamu zote mbili, akaziweka mapajani, akasema, "Leo sitaki fidia ya fedha. Nitajieni majina ya hawa wazee wawili, nami nitawaachia."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, maana hakuna aliyeweza kujibu. Sanamu zote mbili zilikuwa za mwanamume aliyevaa kanzu ndefu na kumbeba mtoto. Rangi ilikuwa imepauka. Moja ilishika ua, na nyingine mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika. Mtoto mmoja wa marehemu akasema mwenye ua ndiye Yosefu. Dada yake akasema la, Yosefu ni yule mwingine. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita akasema labda wote wawili ni Yesu. Mtani akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Mnawawashia mishumaa, wala hamwajui?"

Msikilizaji, mimi mwenyewe nilikuwapo, na nilikaa kimya kama wengine. Kimya hicho ndicho kilichonifanya niitafute historia ya jambo hili, nami nimeona si vema kukaa nayo peke yangu.

Kwanza tukumbuke kwamba kusoma alama si jambo geni kwetu. Waliopiga kura katika uchaguzi wa mwaka 1965 na chaguzi zilizofuata chini ya chama kimoja wanakumbuka jembe na nyumba. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, na kila mmoja alipewa alama yake. Wananchi wengi wakati ule walikuwa hawajajua kusoma na kuandika. Hawakuhitaji kulisoma jina la mgombea. Walimtafuta jembe au walimtafuta nyumba, wakaweka alama yao, wakaenda zao. Hakuna aliyedhani kuwa mgombea yule ni jembe kweli.

Wachoraji na wachongaji wa Kanisa walifanya hivyo hivyo, karne nyingi kabla yetu. Mnamo mwaka 600, Askofu wa mji wa Marseille aitwaye Serenus alivunja picha zilizokuwa makanisani, akiogopa waumini wasije wakaziabudu. Papa Gregori Mkuu alimwandikia barua. Alimsifu kwa kukataza picha zisiabudiwe, lakini akamkosoa kwa kuzivunja. Hoja yake ilikuwa kwamba asiyejua kusoma kitabu husoma ukutani. Picha ni kitabu cha mtu asiyekuwa na kitabu.

Lakini kitabu lazima kiwe na herufi zinazojulikana. Hakuna aliyejua sura ya Petro wala ya Paulo ilikuwaje. Hapakuwa na kamera. Basi mchoraji wa Roma, wa Ugiriki au wa Ethiopia alimtambulishaje mtakatifu ili mkulima amjue? Alimpa kitu cha kushika. Kitu hicho kilitoka katika Maandiko, au katika maisha ya mtakatifu, au mara nyingi zaidi katika namna alivyokufa.

Petro hushika funguo, kwa sababu ya maneno ya Injili ya Mathayo sura ya 16, Yesu alipomwambia kuwa atampa funguo za ufalme wa mbinguni. Paulo hushika upanga, kwani mapokeo yanasema alikatwa kichwa Roma. Mara nyingi hushika na kitabu pia, kwa ajili ya nyaraka zake. Lorenzo, shemasi wa Roma, husimama na chanja ya chuma, kwa kuwa inasimuliwa alichomwa juu yake kama samaki. Katarina wa Aleksandria ana gurudumu. Sebastiano ana mishale mwilini. Lusia hubeba macho mawili katika sahani, na mtu asiyeijua habari yake huweza kushtuka.

Wainjilisti wanne nao wana alama ambazo huchongwa kwenye mimbari au kuchorwa kwenye kingo za dari. Zimetoka katika maono ya nabii Ezekieli na katika Ufunuo sura ya 4, panapotajwa viumbe wanne. Mathayo ni mtu mwenye mabawa, kwa kuwa anaanza na ukoo wa Yesu kama mwanadamu. Marko ni simba, kwa kuwa anaanza na sauti inayonguruma nyikani. Luka ni ng'ombe, mnyama wa sadaka, kwa kuwa anaanza na kuhani Zakaria hekaluni. Yohana ni tai, kwa sababu maneno yake ya kwanza yanapaa juu sana. Basi ukimwona ng'ombe mwenye mabawa kanisani usidhani fundi alikosea.

Kwa hiyo anayetaka kumtambua mtakatifu aangalie mambo matatu. Ameshika nini? Amevaa nini? Ana nini miguuni au kandoni? Uso auache mwisho, kwa sababu uso ni kazi ya fundi.

Sasa turudi kwa wale wazee wawili wa Mtoni. Historia yao katika pwani hii ni ndefu kuliko tunavyodhani.

Yosefu ndiye mwenye Kanisa Kuu la Katoliki la Dar es Salaam, lile linalotazama bandari katika Barabara ya Sokoine. Lilijengwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani kuanzia mwaka 1897, likakamilika mwaka 1902. Watawa hao walikuwa wamefika mwaka 1888 na kuweka kituo chao Pugu, nje kidogo ya mji. Januari 13, 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo hicho kilishambuliwa na wamisionari watatu wakauawa. Baadaye kazi ikahamia mjini penyewe. Ulimwenguni, Yosefu alikuwa ametangazwa msimamizi wa Kanisa lote na Papa Pio wa Tisa mwaka 1870. Na mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili akaiweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi siku ya Mei Mosi, sikukuu ileile ambayo wafanyakazi wetu huandamana na mabango.

Alama za Yosefu zinatokana na habari hizo. Alikuwa seremala, kwa hiyo utamwona na skwea, au msumeno, au randa. Mara nyingine ana fimbo iliyochanua maua, au tawi la yungiyungi. Hiyo ni kutokana na masimulizi ya kale, yasiyokuwamo katika Biblia, kwamba fimbo yake ilitoa ishara alipochaguliwa kuwa mchumba wa Maria. Ana ndevu, ni mtu mzima, na nywele zake zimejaa kichwani. Vazi lake ni la mtu wa kawaida wa zama zake, joho juu ya kanzu. Mtoto anayembeba ni yule aliyemlea.

Antoni wa Padua ni habari nyingine. Alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1195, akajiunga na ndugu wa Mtakatifu Fransisko, na akafa karibu na mji wa Padua nchini Italia Juni 13, 1231. Mwaka uliofuata tu akatangazwa mtakatifu. Kwa kuwa ni mwana wa Lisbon, Wareno walimpenda na kumbeba popote walipokwenda. Jina lake lilifika katika maji yetu zamani sana. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, Wareno walileta meli ya vita iitwayo Santo António de Tanná. Mwaka 1697 meli hiyo ikazama chini ya ngome. Wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua baharini kuanzia mwaka 1977, na vitu vilivyopatikana vikahifadhiwa katika makumbusho ya Ngome ya Yesu.

Lakini huku kwetu Dar es Salaam, aliyemleta Antoni katika nyumba za watu si meli ya vita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabenediktini wa Kijerumani walifukuzwa, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi kushika kazi yao. Wakapuchini ni tawi la watawa wa Fransisko, na Antoni ni ndugu yao. Si ajabu basi kwamba vikongwe waliobatizwa na mapadri hao wenye ndevu na kanzu za kahawia wana sanamu ya Antoni kabatini.

Antoni naye hushika yungiyungi, ishara ya usafi wa moyo. Naye humbeba Mtoto Yesu, kwa sababu inasimuliwa alitokewa naye akiwa katika sala. Mara nyingi mtoto huyo hukaa juu ya kitabu, maana Antoni alikuwa mwalimu na mhubiri hodari, hata mwaka 1946 akapewa jina la Mwalimu wa Kanisa. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: ua lilelile, mtoto yuleyule. Basi wa kuwatenganisha ni vazi na kichwa. Antoni amevaa kanzu ya kitawa, amefunga kamba kiunoni, na kamba hiyo ina mafundo matatu: ufukara, utii na usafi wa moyo. Utosini amenyolewa, na nywele zimebaki kama pete. Kwa kawaida ni kijana asiye na ndevu.

Pale msibani aliyetuokoa alikuwa katekista mstaafu, mzee aliyekuja akijikongoja na fimbo yake. Hakuangalia sura wala ua. Alimwomba mtani ampe sanamu ile iliyovunjika mkono, akaipangusa kiunoni kwa kidole, kisha akatuonyesha. Chini ya vumbi yalikuwapo mafundo matatu. "Huyu ni Antoni," akasema. "Wa jumuiya huyu. Mwenye ndevu ndiye wa mtoto." Mtani akamkabidhi mjukuu sanamu yake kwa mikono miwili, akasema, "Mshike somo wako, mjukuu wangu, usije ukamsahau tena."

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Sanamu ni gipsi, na gipsi ni chokaa tu. Nami sitabishana nao kuhusu gipsi. Ninachouliza ni hiki: kama tumeshindwa kuwatambua wazee wa Nazareti na Padua, je, wa kwetu tunawatambua?

Ingia katika nyumba nyingi za Manzese, Tandale au Mbagala utakuta picha ya Mashahidi wa Uganda. Wamepangwa kama timu ya mpira, wamevaa nguo nyeupe au nyekundu. Ukiuliza, utaambiwa, "Huyu wa katikati ni Karoli Lwanga." Na wengine? "Ni wenzake." Ishirini na mmoja wamekuwa wenzake tu.

Mashahidi wa Katoliki ni 22. Waanglikana wanawakumbuka 23 wa kwao, waliouawa katika mateso hayohayo ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 waliuawa kati ya Novemba 1885 na Januari 1887, na wengi wao walichomwa moto Namugongo Juni 3, 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Historia yao ni yetu pia, kwa kuwa mapadri waliowafundisha walipita Bagamoyo na Tabora, na walipoondoka Buganda mwaka 1882 walikimbilia Bukumbi, karibu na Mwanza, wakakaa huko hadi mwaka 1885.

Kila mmoja wao ana habari yake, na mwenye habari ana alama. Karoli Lwanga alichomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Moto ni wake. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa watumishi wa ikulu, alikatwa kichwa Novemba 15, 1885 baada ya kumkosoa Mwanga kwa kumwua Askofu Hannington. Upanga ni wake kama ulivyo wa Paulo. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Dionisi Ssebuggwawo alichomwa mkuki na Mwanga mwenyewe, kwa kosa la kumfundisha mwenzake dini. Noa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Mpe chungu mkononi nami nitamjua nikiwa ng'ambo ya barabara. Mathia Mulumba alikatwa mikono na miguu, akaachwa afe porini, akakaa siku tatu akiwa hai. Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14, mdogo kuliko wote.

Wote wana tawi la mtende, kwa sababu tawi hilo ni ishara ya ushindi wa shahidi. Hapa lugha yetu imetusaidia. Kiswahili kimechukua neno moja, shahidi, kwa yule atoaye ushahidi barazani na kwa yule auawaye kwa ajili ya imani. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kilifanya hivyo. Mtu akifa bila jina lake kukumbukwa, ushahidi wake umebaki mikononi mwa nani?

Na wako wengine wa ukanda wetu. Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudani, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani mara kadhaa. Jina Bakhita alipewa na watekaji wake, na maana yake ni mwenye bahati. Alifia Italia mwaka 1947, na Oktoba 1, 2000 akatangazwa mtakatifu. Alama yake ni mnyororo uliokatika. Sisi tunaopajua Bagamoyo hatuhitaji kuelezwa mnyororo huo ni wa nini.

Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa Kongo, aliuawa Isiro Desemba 1, 1964 akikataa kunajisiwa na afisa wa waasi. Alizikwa pamoja na wengine katika kaburi la pamoja. Miezi kadhaa baadaye kaburi lilipofukuliwa, alitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa ameiweka mfukoni kabla ya kufa. Msikilizaji, tafakari jambo hilo. Sura haikutosha tena kumtambulisha, na ile sanamu ndogo ndiyo iliyosema huyu ni nani.

Nilipita katika kijiji cha wachongaji pale Mwenge, wilayani Kinondoni, nikamwuliza fundi mmoja wa Kimakonde jinsi anavyopokea kazi za kanisa. Alinijibu bila kuficha. "Mteja akisema nataka Petro, namwekea funguo. Akisema nataka mtakatifu, namchongea mtu aliyekunja mikono." Lawama hapo si ya fundi. Fundi huchonga alichoagizwa. Tunaoagiza ndio tumesahau maneno ya kuagizia, huku maduka yakitujazia sanamu za plastiki ambazo mtakatifu mmoja akibadilishwa rangi ya joho anauzwa kama mwingine.

Dawa ya jambo hili haihitaji bajeti. Kila jumuiya ndogo ndogo ina somo wake, na kila mwaka husherehekea siku yake kwa pilau na nyimbo. Siku hiyo mzee mmoja asimame dakika tano awaambie watoto: huyu ni nani, ameshika nini, na kwa nini. Sanamu ikivunjika, kabla ya kuitengeneza ulizeni kwanza kilichovunjika kilikuwa nini, msije mkampa Antoni msumeno. Na vikongwe wenye picha za zamani kabatini waulizwe sasa, wangali hai. Yule bibi wa Mtoni angetujibu kwa neno moja, lakini tuliuliza siku tatu baada ya kumzika.

Namaliza na swali. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 14, 1999, alianza kutajwa na Kanisa kuwa Mtumishi wa Mungu mwaka 2005, na mchakato wake ulifunguliwa na Jimbo la Musoma. Mchakato huo una njia yake, wala si kazi yangu wala ya mchongaji kuutangulia. Wengi tulimwona akienda misa ya asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Ikiwa siku moja fundi wa Mwenge ataagizwa amchonge, ampe nini mkononi? Kila niliyemwuliza, Mkristo na Mwislamu, amenijibu mara moja bila kufikiri: kifimbo.

Basi kusoma alama tunajua bado. Tumeacha tu kuwafundisha watoto herufi zake.